Usisubiri tangazo, tafuta profesa kwanza

Ndugu uliyeuliza kama usubiri tangazo ndipo uombe Marie Skłodowska-Curie, ufadhili wa Umoja wa Ulaya wa utafiti baada ya PhD: hapana. Dirisha la maombi kwa kawaida hufungwa Septemba, na huombi peke yako. Lazima profesa mwenyeji aingie nawe kwenye mfumo wa maombi. Mwandikie miezi minne au mitano kabla. Nusu ukurasa yatosha. Taja kazi yenyewe, “nimepima usugu wa vimelea vya malaria kwa PCR”, si “nina uzoefu wa maabara”, kisha swali moja ambalo maabara yake inaweza kulijibu. Barua ileile iliyorushwa kwa watu hamsini hujulikana mstari wa kwanza tu.

Kinachowaangusha wengi, tena wenye CV nzuri, ni sharti la kuhama: usiwe umeishi au kufanya kazi nchi mwenyeji zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 kabla ya siku ya mwisho ya kuomba. Umesoma PhD Ubelgiji miaka minne, umerudi Muhimbili mwaka jana? Basi chagua nchi nyingine.

Na kama sampuli za damu za utafiti wako zitatoka Dar, kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, Tanzania) na mkataba wa kusafirisha sampuli vianze mapema.