Mwanamke Aliyemwandikia Wesley

SWALI: Ndugu Mhariri, kikundi chetu cha akina mama hapa Masasi kilikuwa kinajadili mabishano ya John Wesley na George Whitefield, wahubiri Waingereza wa karne ya 18, ndipo mzee mmoja wa kanisa akatuambia kwamba hayo yalikuwa mambo ya wanaume, na kwamba mwanamke yeyote ambaye angeandika kuyahusu angevunja agizo la Paulo kwamba mwanamke asifundishe kanisani. Je, ni kweli?
Msomaji wa kike, Masasi

JIBU: Dada yetu, kuhusu mabishano yenyewe mzee huyo amekosea, ingawa hofu yake kuhusu Paulo walikuwa nayo wengi hata wakati ule. Mwaka 1739 Wesley alihubiri Bristol, Uingereza, akipinga fundisho kwamba Mungu aliwateua watu fulani kwa wokovu tangu milele, na mwishoni mwa 1740 Whitefield akamjibu kwa barua kutoka Georgia, Marekani, akilitetea. Anne Dutton, mzaliwa wa Northampton na mke wa mchungaji wa Wabaptisti waliofuata fundisho hilo la uteule kama lilivyofundishwa na Calvin, katika kijiji cha Great Gransden, alikuwa akiandikiana na wote wawili. Mwaka 1742 alimchapia Wesley barua ya kutetea uteule usio na masharti, yaani usiotegemea lolote analofanya mtu, na mwaka uliofuata akachapa nyingine akikana kwamba Mkristo aweza kufikia ukamilifu katika maisha haya.

Mimi hunivutia zaidi barua yake ya 1743 kwa wale waliokuwa na shaka iwapo maandishi ya mwanamke yafaa kuchapwa. Humo hakushindana na Paulo hata kidogo. Alikubali kwamba mwanamke asifundishe mbele ya kanisa lililokusanyika, kisha akaeleza kuwa kitabu hakipandi mimbarani, bali msomaji hukifungua nyumbani kwake, kama anavyozungumza faraghani na ndugu wa imani. Tena Priskila, pamoja na Akila, hawakukatazwa kumweleza mhubiri Apolo njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Ni hoja ya busara, na kwa maoni yangu ina ujanja kidogo, kwa sababu faragha hiyo ilivuka bahari: mumewe Benjamin, aliyekwenda Marekani mwaka huohuo kuchangisha fedha za nyumba ya ibada, alipeleka pia vitabu vya mkewe, kisha akafa maji safarini kurudi. Anne aliishi hadi 1765.

Mkikutana tena na mzee wenu, msomeeni Matendo 18:26 kwa heshima, kisha mumwulize Apolo alielezwa wapi.