Mshale kwenye mchoro: kwa wanaotaka kubuni boti za kuokolea maisha

Kila mwaka vyuo vikikaribia kufunga, hunijia karakanani kijana mmoja au wawili na mchoro wa boti ya kuokolea maisha. Mara nyingi mchoro unapendeza. Boti ina umbo la yai, ina paa, ina sola. Mwaka juzi mmoja aliweka hadi mtambo wa kugeuza maji ya bahari yawe ya kunywa. Namkaribisha chai, kisha namwuliza: inafikaje majini? Ananionyesha mshale. Juu kachora meli, chini kachora bahari, na katikati mshale unashuka.

Kazi imo ndani ya mshale huo, na ndiyo sababu nawaandikia. Mimi ni fundi wa kukagua na kutengeneza laifuboti, winchi zake, na vile vyelezo vya mpira vinavyojijaza hewa, hapa Mombasa, mwaka wa 19 sasa. Sijabuni chochote cha kutajwa. Lakini nimefungua kulabu nyingi zilizobuniwa na watu wenye akili kuniliko, na najua mahali zinapoumiza watu.

Boti kama chombo cha kuelea, hilo walishalimaliza wazee. Mwaka 1789 meli iitwayo Adventure ilikwama kwenye mlango wa mto Tyne, kaskazini mwa Uingereza, watu wakafa huku umati umesimama ufukweni unatazama. Wenyeji wa South Shields wakatangaza zawadi ya gini 2 (sarafu ya dhahabu ya Uingereza ya zamani) kwa atakayebuni mashua ya kuhimili bahari ile. Mmoja wa walioshindana, William Wouldhave, alileta kielelezo ambacho ukikipindua kinajigeuza chenyewe. Inasimuliwa kwamba wazo alilipata kisimani, alipokuwa akichezea kipande cha chombo cha mbao cha mama mmoja, na kila akikifudikiza majini kinarudi kutazama juu. Kamati ikampa gini 1, nusu ya zawadi. Akakataa kuipokea. Kazi ya kuunda mashua ikaenda kwa Henry Greathead, na mashua yake haikuwa ya kujigeuza. Mwaka 1849 mashua ya uokoaji ikapinduka papo hapo Tyne na kuzamisha marubani 20 wa meli, na ni baada ya msiba huo ndipo shindano jingine, la 1851, lilipompa ushindi James Beeching kwa mashua inayojigeuza. Miaka 60 wazo limekaa rafuni. (Wouldhave angepokea ile gini moja, pengine wangeendelea kumsikiliza. Hayo ni maoni yangu.)

Sasa tuje kwenye mshale. Laifuboti ya kawaida inaning'inia kwenye nyaya mbili na kulabu mbili, moja omo, yaani mbele, na moja tezi, yaani nyuma. Zote mbili sharti zifunguke kwa pamoja. Ikifunguka moja, boti inabaki imening'inia kama samaki kwenye ndoana na watu wanamwagika. Kulabu za zamani zilikuwa hazifunguki mpaka uzito uondoke kwenye waya, yaani mpaka boti ielee sawasawa. Maji yakiwa shwari, huo ni mpango mzuri. Wimbi likiwa kubwa, boti inainuliwa na kudondoshwa, waya unalegea na kukaza, na wewe uliye ndani huipati ile nusu sekunde ya kufungua. Tarehe 27 Machi 1980, jukwaa la Alexander L. Kielland lililokuwa likilaza wafanyakazi wa mafuta katika Bahari ya Kaskazini lilivunjika mguu mmoja, likalala, kisha likapinduka. Lilikuwa na watu 212, wakafa 123. Boti nne zilishushwa, na ni moja tu iliyofanikiwa kujifungua kutoka kwenye nyaya zake.

Dunia ikasema: basi kulabu ifunguke hata ikiwa na uzito. Kanuni za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, zikalazimisha hivyo kwa meli mpya kuanzia Julai 1986. Fikirini maana yake. Boti kubwa kabisa inayoruhusiwa hubeba watu 150. Ukiwapigia kila mmoja kilo 75 unapata zaidi ya tani 11 za watu peke yao, bado boti yenyewe. Tani zote hizo zinashikiliwa na kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, na kipande hicho kimeundwa makusudi ili mkono wa mtu mmoja uweze kukiachia. Mabaharia wakaanza kufa kwenye mazoezi, bandarini, meli ikiwa nzima, chai ikiwa bado moto jikoni.

Mimi mwenyewe nilikuwa ndani ya moja. Mwaka wangu wa tatu kazini, kwenye meli ya mizigo ambayo sitaitaja, tulishusha boti, tukazunguka nayo, tukarudi kuikokota juu. Mkono wa kufyatulia ulikuwa umerudi mahali pake, pini imeingia, kioneshi kiko kijani. Mimi ndiye niliyepaza sauti, "Vuta!" Tulipofika juu ya maji kama urefu wa watu wawili, kulabu ya tezi ikafunguka. Nilikuwa nimefunga mkanda. Baharia niliyekuwa naye hakufunga, akaangukia kwenye nguzo ya usukani na kuvunjika mtulinga. Tulipokuja kufungua, tukakuta kebo inayotoka kwenye mkono kwenda kwenye kulabu imevimba kutu ndani ya ala yake. Mkono ulikuwa umefika mwisho. Kulabu ilikuwa haijafika. Kile kioneshi kilikuwa kinasoma mkono.

Nimelirudia jambo hilo kichwani mara nyingi. Aliyebuni hakuwa mjinga. Aliweka kioneshi pale ambapo ni rahisi kukiweka. Kwa hiyo ukiniletea mchoro wenye taa ya kijani, nitakuuliza taa inasoma nini, na nitataka kidole chako kiguse chuma chenyewe kinachobeba uzito.

Ilichukua muda mrefu mambo haya kushughulikiwa. Kwanza ulikuja mkanda au pini ya ziada ya kuzuia boti isianguke kulabu ikijifungua yenyewe, na mwongozo wake ulitolewa 2009. Kisha kulabu zisizofaa zikapewa siku ya mwisho ya kubadilishwa, tarehe 1 Julai 2019. Hesabu wenyewe miaka tangu 1986. Na dawa ya kwanza, katika ufundi wote huu, ilikuwa mkanda.

Ukishamaliza kulabu kuna waya. Waya wa chuma ni mnafiki. Juu una grisi safi inang'aa. Ukitia msumari wa kusukia ukapanua nyuzi, ndani unakuta unga mwekundu kama udongo wa Taita. Huoza zaidi pale unapokaa umepinda juu ya roda, lile gurudumu la kupitishia waya, mwezi baada ya mwezi, mahali ambapo mpaka grisi hufikia kwa shida. Februari 2013 kule Santa Cruz de La Palma, visiwa vya Kanari, meli ya watalii Thomson Majesty ilikuwa inafanya zoezi. Waya ukakatika pale pale kwenye roda ya juu, boti ikaanguka kichwa chini, mabaharia 5 wakafa. Kanuni inataka waya ubadilishwe kila miaka 5, na ule haukuwa umevuka muda wake. Kijana atakayebuni namna ya kuutazama waya juu ya roda bila kuufungua, huyo chai yake nitamlipia mpaka nistaafu.

Kuna boti za kuchupa, zile zinazokaa nyuma ya meli kwenye mteremko na kujirusha majini na watu wake ndani. Vijana wanazipenda, nami nazipenda, kwa sababu hazihitaji nyaya za kushushia. Zinafaa meli ya mizigo yenye mabaharia 25 waliofunzwa, kila mmoja amejifunga barabara, mgongo umeelekea zinakokwenda. Kwa abiria, hapana. Mweke humo bibi wa miaka 70 mwenye maumivu ya shingo, na mama mwenye mtoto mapajani, kisha uniambie nani atakagua mikanda.

Hapo ndipo michoro mingi inapoanguka: kwa abiria. Titanic ilikuwa na nafasi 1,178 kwenye boti zake 20, huku ndani kuna watu wapatao 2,200. Hilo la upungufu mnalijua. Lakini boti ya kwanza kushushwa, namba 7, ilikuwa ya watu 65 na iliondoka na 28. Meli ilikuwa bado imesimama, taa zinawaka, na boti inaning'inia gizani juu ya maji ya barafu. Wewe ungepanda?

Miaka michache iliyopita nilimwomba shangazi yangu aje karakanani. Tulikuwa na boti ya abiria juu ya magogo, tunaitengeneza. Nikamwambia apande kama meli inazama. Alikuja na dera, buibui juu yake, na mjukuu wa miaka mitatu. Kwanza alivua ndala akazipanga vizuri chini, kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu. Ukingo wa boti ulikuwa juu ya goti lake. Dera likanasa kwenye chuma cha kufungia turubai. Alipoingia akakaa, na kiti cha upana wa milimita 430 kikaisha kabla yeye hajaisha (haya maneno ni yake, msinisingizie). Alitafuta mkanda akapata kipande chake na kipande cha jirani, akavifunga pamoja. Kisha akatafuta pa kushika, kwa kuwa mtoto alikuwa anateleza, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye mkono wa kufyatulia kulabu. Ulikuwa mwekundu, umekaa vizuri, unashikika. Kila kitu kingine humo ndani kilikuwa cheupe na laini.

Ilichukua dakika nne kwa mtu mmoja na mtoto, mchana, sakafu haisogei. Kanuni inataka abiria wote wawe wameondoka melini ndani ya dakika 30 tangu ishara ya kuiacha meli itolewe, watu wakiwa wameshakusanyika na majaketi yao.

Na dakika 30 ni mali ya meli zenye bahati. Deviti za boti, ile mikono ya chuma ya kuishushia, hutengenezwa ziweze kushusha meli ikiwa imelala upande hadi nyuzi 20. Vyombo vyetu huwa havilali hivyo halafu vikasubiri. MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Le Joola ya Senegal, Septemba 2002, ilipinduka ndani ya dakika chache ikaua zaidi ya watu 1,800. MV Nyerere, Septemba 2018, ilikuwa inakaribia gati la Ukara. Ilipaswa kubeba watu 101, wakafa 228. Kwa chombo kilichojazwa hivyo, sina boti ya kuwaambia mbuni. Dawa yake ingekuwa gatini, kwa mtu wa kukataa tiketi. Ila pale ambapo kuna hata dakika tatu, kinachoweza kusaidia ni kitu kisichosubiri mkono wa mtu: chelezo cha mpira kinachojifungua chenyewe.

Kifaa chake ni kidogo kama kikombe. Kikizama kati ya mita 1.5 na 4, mgandamizo wa maji unafyatua kisu, kisu kinakata kamba, pipa la chelezo linaelea juu. Kamba ya pipa inavutwa na meli inayozama, gesi inafunguka, chelezo kinajaa. Kisha kiungo dhaifu, kilichofanywa dhaifu kwa makusudi, kinakatika ili meli isikivute chelezo chini nayo. Sijaona ubunifu wa baharini unaonipendeza kama huu. Nao nimeukuta kwenye feri moja umepakwa rangi matabaka matatu hadi kisu hakichezi. Kwenye nyingine, pipa lilikuwa limefungwa kwa kamba ya manila, mafundo manne, kwa sababu bosuni, msimamizi wa mabaharia, aliogopa lisiibiwe. Bosuni yule alikuwa na haki ya kuogopa wezi. Pipa la jirani yake lilikuwa limeibiwa kweli. Basi ninyi bunini pipa ambalo mwizi halichukui na maji yanalichukua.

Jambo la uzito nitalipitia haraka, maana hesabu zake mnafundishwa. Eastland ilikuwa meli yenye kichwa kizito tangu mwanzo. Julai 1915, baada ya somo la Titanic, iliongezewa boti na vyelezo kwenye sitaha ya juu. Wiki chache baadaye ikalala ubavu mtoni Chicago, ikiwa bado gatini, wakafa zaidi ya watu 840. Mkiandika idadi ya boti, andikeni pia kilo ngapi na zimekaa urefu gani juu ya maji.

Mnaotaka kuanza, njooni karakanani kabla hamjachora. Nina kulabu tatu zilizokataliwa, moja ni ile iliyonidondosha. Mtaifungua na kuifunga mkiwa mmefumba macho, viganja vimepakwa mafuta ya kupikia, na mwenzenu anawapigia kelele sikioni. Boti ya abiria bado ipo kwenye magogo. Shangazi amekubali kurudi, safari hii na rafiki zake wawili, mradi mlipe nauli ya tuktuk kutoka kivukoni. Feri ya Likoni yenyewe ni bure kwa waendao kwa miguu.