Nimeweka nadhiri ya kuhiji kwa miguu: mwenzangu akichoka njiani nifanyeje?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Nilipokuwa mgonjwa nilitamka: "Allah akiniponya, nitahiji kwa miguu." Nimepona, alhamdulillah. Tumepatana watu wanne twende pamoja, na bila shaka tutakutana na mahujaji wengine wanaotembea. Mmoja wetu ni mtu mzima, pumzi zake fupi. Akishindwa nipande naye gari, au nimwache ili nadhiri yangu isivunjike? Na je, anayetembea ana thawabu zaidi kuliko anayepanda?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Allah akuzidishie afya.

Nadhiri uliyoifungamanisha na kupona imekulazimu, kwa kuwa ulichokiomba umepewa. Lakini umejilazimisha nini hasa? Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wanaangalia tamko lenyewe. Aliyesema "nitatembea hadi Nyumba ya Allah" kutembea kwake huanzia mlangoni kwake, kwa kauli yenye nguvu zaidi. Aliyesema "nitahiji kwa miguu", kama ulivyosema wewe, kutembea kunamwajibikia kuanzia pale anapohirimia, yaani anaponuia Hija na kuingia katika ihramu. Maana yake ni kwamba safari yote ya kabla ya miqati (mahali pa kuhirimia) haimo katika nadhiri yako. Ukitembea humo ni hiari yako, na ukipanda gari na mwenzako hukuvunja chochote. Sehemu kubwa ya hofu yako inaishia hapo.

Baada ya kuhirimia hali inabadilika: utembee Mina, Arafa, Muzdalifa na kurudi Makka kwa twawafu (kuizunguka Kaaba), mpaka utoke kabisa katika ihramu. Ukipanda humo kwa udhuru, Hija yako ni sahihi na utachinja mbuzi. Hata asiye na udhuru Hija yake inasihi, naye huchinja, ila amepata dhambi. Basi pima mwenyewe: upande mmoja kuna mzee aliyeishiwa pumzi kwenye jua la Arafa, upande wa pili kuna mbuzi. Mimi sioni kama hapo pana la kuuliza.

Anas (r.a.) amepokea, na hadithi imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alimwona mzee akikokotwa baina ya wanawe wawili. Akauliza ana nini, akaambiwa ameweka nadhiri ya kutembea. Akasema Allah hana haja ya huyu kuiadhibu nafsi yake, akamwamuru apande. Dada yake Uqba bin Amir naye alinadhiri kwenda kwenye Nyumba ya Allah kwa miguu, na jibu la Mtume lilikuwa: atembee na apande.

Kuhusu thawabu, Qurani imewataja waendao kwa miguu kabla ya waliopanda ngamia waliokonda (Al-Hajj, 27), na wapo waliotoa humo hoja ya ubora wa kutembea. Imam Nawawi aliona kupanda ni bora, kwa sababu Mtume mwenyewe alihiji akiwa juu ya ngamia, na aliyepanda hubaki na nguvu za dua na ibada. Nami naelemea huko kwa asiye na nadhiri.

Sasa wenzako, maana hao wana haki ambazo watu huzisahau wakishika njia. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 36, Allah ameamrisha wema kwa wazazi, jamaa, mayatima, maskini na majirani, kisha akamtaja "rafiki wa ubavuni". Baadhi ya wafasiri wa mwanzo walisema huyo ni mwenzako wa safari. Mtume alikuwa akibaki nyuma ya msafara, akimsukuma mnyonge, akimpakia nyuma yake na kuwaombea dua. Akasema pia mwenye kipando cha ziada ampe asiyekuwa nacho, na mwenye masurufu ya ziada ampe asiyekuwa nayo. Hilo linawahusu hata mtakaowakuta njiani msiowajua majina.

Chagueni amiri, yaani kiongozi wa safari, kabla ya kuondoka. Wasafiri watatu tu wamehimizwa hivyo, sembuse nyinyi wanne. Amiri ndiye aamue mwendo, na mwendo uwe wa mzee huyo. Miguu ikiuma ndipo ubishi huanza, na mwenye ihramu amekatazwa majadiliano (Al-Baqara, 197). Aya hiyohiyo inaamrisha masurufu. Ibn Abbas amesema iliwashukia watu wa Yemen waliokuja Hija mikono mitupu wakisema wanamtegemea Allah, kumbe wakawaomba watu. Msitoke hivyo mkitegemea ukarimu wa mahujaji wenzenu.

Vibali vya Hija vya Saudia mvipate kabla ya kuanza safari. Na mkiona mtachelewa tarehe 9 Dhulhijja, pandeni gari bila kusita, kwani aliyekosa kisimamo cha Arafa amekosa Hija.

Wallahu aalam.