Jibu kwa mama mwenye binti Mtwara: kimbunga kitapita wapi, na aondoke lini?

Mama, nimesoma swali lako na kuzitazama picha mbili ulizoziweka. Binti yako ameolewa Mtwara. Mgandamizo mdogo wa hewa, ambao ndio huweza kukua kuwa kimbunga, unajikusanya kaskazini mashariki ya Madagascar. Picha ya kwanza inaonyesha duara jekundu likiingia Mtwara baada ya siku tisa, na ya pili, aliyokutumia mpwa wako, inalipeleka duara hilohilo Msumbiji. Unauliza ipi ni ya kweli, na kama ni heri umwite binti arudi Lubumbashi mapema. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu kazi yangu ni kufuatilia mizigo tangu bandarini Beira na Dar es Salaam hadi inapovuka Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo yetu, na kazi hiyo imenilazimisha kuvijua vimbunga vya bahari ambayo sisi wa Katanga hatuioni.

Picha zote mbili zinatokana na hesabu za kompyuta, si taarifa ya mtaalamu aliyezipima hesabu hizo. Modeli ya Wamarekani hupigwa mara nne kwa siku, ile ya Ulaya vilevile, na kila mara njia ya kimbunga inaweza kuhama kwa mamia ya kilomita, hasa pale ambapo kitovu chenyewe bado hakijajiunda. Ukiikuza picha ya kwanza utaona chini yake tarehe ya juzi na saa sita usiku za kimataifa, yaani saa nane usiku kwetu na saa tisa usiku Mtwara. Maana yake ni kwamba ilipokufikia kwenye WhatsApp, hesabu nyingine kadhaa zilikuwa zimekwisha kuifuta. Duara la siku ya tisa ni uwezekano mmoja kati ya mingi, na aliyeichagua picha hiyo ili aisambaze hakuichagua kwa sababu inatuliza mioyo.

Kwa sehemu hii ya bahari, kituo chenye dhamana ya kutoa utabiri wa vimbunga kipo kisiwani Réunion, chini ya idara ya hali ya hewa ya Ufaransa. Hapa tuna bahati ambayo wengi wa pwani hawana: taarifa zake hutolewa kwa Kifaransa pia, nasi tuliosomea Lubumbashi tunazisoma bila mkalimani. Kimbunga kikishakuwa na kitovu, hufuatiliwa kila baada ya saa sita, na njia yake hukadiriwa kwa siku tano zijazo. Jina hutolewa pale wastani wa upepo unapofikia kilomita 63 kwa saa. Madagascar hutoa jina kama kipo magharibi ya nyuzi 55 za longitudo, na Mauritius kama kipo mashariki yake. Huo wako bado hauna jina. Kabla ya hapo, swali la kitapita wapi linaulizwa juu ya kitu ambacho hakijawa.

Kuhusu kwa nini picha zinapingana, jambo si gumu. Kimbunga hakijiendeshi, hubebwa na pepo za juu. Kusini ya Mauritius na Réunion huwa kuna eneo pana la mgandamizo mkubwa wa hewa, na likiwa imara husukuma vimbunga moja kwa moja kuelekea magharibi. Likidhoofishwa na hewa ya baridi inayopanda kutoka kusini, kimbunga hupata mwanya na kupinda kuelekea kusini. Hesabu moja imeliona eneo hilo likibaki na nguvu, nyingine imeliona likilegea. Kutoka Mtwara hadi Pemba ya Msumbiji ni kama kilomita 300 tu, na hata siku tatu kabla ya kimbunga kufika, kukosea kwa zaidi ya kilomita mia ni jambo la kawaida.

Ndugu mmoja aliyekujibu kabla yangu anasema usihangaike, kwa kuwa ni Aprili na msimu umekwisha. Hapo simfuati hata kidogo. Kimbunga kilichoiangamiza mikarafuu ya Unguja mwaka 1872 kilipiga mwezi wa Aprili. Kile cha Lindi cha mwaka 1952 kilikuwa Aprili. Kenneth kilipita kaskazini ya Ngazija na kuingia Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, baada ya wakazi wa Mtwara kuambiwa wahamie mahali salama. Jobo kilielekea Dar es Salaam mwezi wa Aprili 2021, kikafifia kabla ya kuleta madhara makubwa, na Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Kwa pwani ya Tanzania, wakati huu kaskazi inapokwisha na kusi haijashika ndio wenyewe wa kuangalia, ingawa ni kweli kwamba vinavyofika huko ni vichache sana kuliko vinavyoipata Msumbiji au Madagascar.

Sasa nije kwenye jambo ninalolijua kwa jasho langu. Mwezi wa Machi 2019 nilikuwa na kontena za wateja Beira. Idai kilianza tarehe 4 Machi karibu na pwani ya Msumbiji, kikaingia nchi kavu, kikarudi baharini, kikajipa nguvu kati ya Msumbiji na Madagascar, kisha kikaipiga Beira usiku wa kuamkia tarehe 15. Wiki nzima wateja walinipigia simu wakiuliza habari za bandari: gati zimesimama? Kontena zimeanguka? Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za barabara. Lakini ni maji yaliyotufunga: mito Buzi na Pungwe ilifurika, barabara ya kutoka Beira kuelekea Zimbabwe ikakatika mahali kadhaa, na huko Chimanimani milimani, kama kilomita 200 kutoka Beira, maporomoko yaliua watu wengi ambao hawakuwahi kujiona kuwa watu wa pwani. Freddy kilirudia somo hilohilo Blantyre, Malawi, mbali na bahari, mwezi wa Machi 2023. Mstari unaochorwa kwenye ramani unaonyesha njia ya kitovu tu. Mvua haiufuati mstari huo.

Kuna jambo jingine ambalo picha haisemi. Katika nusu yetu ya dunia pepo za kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kwa hiyo kimbunga kikija kutoka baharini na kitovu kikapita kusini ya Mtwara, upepo wa Mtwara hutoka zaidi nchi kavu na kuyasukuma maji nje; kikipita kaskazini yake kidogo, upepo huyaleta maji ufukweni. Tofauti ya kilomita hamsini, ambayo hakuna anayeweza kukuahidi leo, hubadilisha kabisa hatari ya nyumba iliyo karibu na ghuba. Ndiyo maana ningependa kwanza umuulize binti nyumba yao iko wapi: chini Mikindani karibu na maji, au juu mjini? Paa limefungwa vipi? Mtaro wa jirani unapitisha maji au umejaa takataka?

Kuhusu kumwita Lubumbashi, maoni yangu ni kwamba usimwite sasa. Ana mume, ana wakwe, na kumwondoa mke wa mtu kwa picha ya WhatsApp huleta maneno ambayo yatabaki hata kimbunga kikifia baharini. Tena akisafiri bure leo, safari ijayo hatakusikiliza. Kama zimebaki siku tatu na taarifa ya Réunion bado inaiweka Mtwara ndani ya eneo la hatari, hapo aondoke, na aondoke na watoto. Asichukue basi la Dar es Salaam: mvua za Hidaya ziliikata barabara hiyo Somanga, wilaya ya Kilwa, na wasafiri wakakwama. Aelekee bara, Masasi, ambako ni kama kilomita 200 kwa barabara kutoka Mtwara, na ikibidi aendelee Tunduru na Songea. Vyeti na vitambulisho avifunge kwenye nailoni leo hii, kwa kuwa hilo halina gharama.

Taarifa za Réunion nitakufasiria kila jioni hapa hapa. Yeye asome zile za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambazo hutoka kwa Kiswahili. Na akiona zinatofautiana na nilichoandika mimi, afuate za Mamlaka, kwa kuwa ndizo zinazotazamwa na viongozi wa mkoa wanapoamua kufunga shule na kuzuia vyombo visitoke baharini.