Uliyeniuliza kuhusu uwakala wa waigizaji, kaa nikusimulie

Binti mmoja wa Muheza kaniandikia wiki iliyopita: "Dada, nataka niwe wakala wa waigizaji kama wewe. Nianzie wapi, na inalipa?" Bahati mbaya ujumbe wake uliingia jioni ileile niliyomwona kwenye mahojiano ya TV kijana niliyemtoa mimi. Kaulizwa nani alimshika mkono. Kajibu: "Mungu tu na juhudi zangu."

Sawa. Na Mungu sishindani.

Nina steshenari hapa Bagamoyo. Mji huu una chuo cha sanaa tangu 1981, ndiyo TaSUBa ya leo, kwa hiyo kukutana na mwigizaji asiye na kazi ni jambo la kila siku. Kijana huyo alikuja kuchapisha skripti ya usaili. Printa ikakwama, akaanza kunisomea mistari yake huku anasubiri. Mama aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akaacha kuhesabu chenji yake.

Namba niliyoandika kwenye wasifu wake ni ya dukani, simu yake ilikuwa mbovu. Basi wakanipigia mimi. Siku tatu za kushuti, elfu thelathini kwa siku. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikasema themanini. Yule bwana akanyamaza. Nikaitazama simu nikidhani imekata. Kisha: "Sitini, na chakula." Mdogo wangu, hapo ndipo nilipoingia kazini, na mpaka leo kimya kile sijakisahau.

Yaliyofuata ni nauli za Dar na kusubiri lokesheni mpaka usiku wa manane. Miaka sita. Tulikubaliana kwa mdomo asilimia kumi, kama walivyozoea mawakala wa Marekani. Ilipokuja tamthilia ndefu niliyoihangaikia mwenyewe, akaniambia, "Dada, wamesema hawataki mtu wa kati." Kumi yangu ikaishia hapo.

Kwa hiyo ushauri: andika mkataba. Uandike muda, asilimia, na kwamba kazi uliyoitafuta wewe itakulipa hata mkiachana. Mwigizaji akiwa chini ya miaka 18, mzazi au mlezi asaini. Uliza picha zitatumika wapi. Mtu akilipwa kuigiza hajauza sura yake iwekwe kwenye bango la sabuni, hiyo ina bei yake. Na usimtoze msanii hela ya "usajili" kabla hajapata kazi. Wanaofanya hivyo ni matapeli wenye ofisi. Wakala anakula msanii akishakula. Halafu, nilishasema? Andika mkataba. Nyie vijana mnapenda kusema "tunaaminiana". Mtu anayekuamini haogopi kalamu.

Kama inalipa? Leo ninao sita, wote wamesaini, na mmoja katoka kukataa kazi ya bei ya kitoto kwa sababu nilimwambia asubiri. Wiki ya pili wakarudi na mara mbili yake. Najisifu, ndiyo, nani mwingine atanisifu?

Mama wa yule kijana bado huja dukani kutoa kopi. Juzi kaniuliza, "Mwanangu, mbona siku hizi mwenzio humtaji?" Nikamwambia mashine imepata moto, asubiri kidogo.