Kwa aliyeuliza: mtoto ana usonji, serikali inasaidia nini hapa Nairobi?

Mama Tasha, umeuliza kama hapa kwetu kuna huduma kama hiyo anayokusimulia kaka yako aliye Minnesota, Marekani: serikali inamlipa mtu aje nyumbani, amwogeshe mtoto, amlishe, amtembeze kidogo nawe upumzike. Hakuna. Huko pesa hizo hupitia Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini na wenye ulemavu, ambayo tangu 1981 imeruhusiwa kulipia matunzo ya nyumbani ili mtu asipelekwe kuishi kwenye taasisi, na hata huko kuna majimbo ambayo watu husubiri miaka kabla ya jina lao kufika. Hapa mtunzaji ni wewe, mama yako, na jirani mwenye roho nzuri. Vilivyopo ni vipande vipande, kila kimoja na ofisi yake.

Mimi namlea mdogo wangu mwenye usonji na ulemavu wa akili. Sasa ni mtu mzima, na ofisi hizi nimezizunguka tangu akiwa rika la wako.

Anza na kadi ya NCPWD, yaani Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Maombi siku hizi yanaanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha mtoto anapelekwa hospitali ya serikali inayofanya tathmini. Hapo kwa daktari ndipo wazazi wengi wanapojimaliza wenyewe. Daktari anauliza, "Anavaa nguo mwenyewe?" Mama, kwa kutotaka mwanawe aonekane hafai, anajibu, "Anavaa, daktari." Jibu hilo ndilo linaloandikwa. Ukweli ni kwamba anaingiza mikono kwenye shati alilokwisha kugeuziwa, vifungo anafungiwa, na usipomwangalia atatoka nje bila suruali. Mdogo wangu siku hiyo alikaa kimya kama maji ya mtungini, mtu asiyemjua angeapa kwamba hana tatizo lolote. Kilichotusaidia ni karatasi niliyoandika usiku uliotangulia: nani anampeleka choo, nani anamsafisha, anaamka saa ngapi, mara ya mwisho alipopotea alipatikana wapi. Usiongeze chumvi, ila usipunguze hata chembe.

Kadi hiyo inafungua milango ya Baraza: vifaa vya kusaidia, msaada wa karo, ruzuku kwa vikundi. Haileti pesa za kila mwezi, na hapa watu wengi huchanganya. Zile shilingi 2,000 kwa mwezi ni za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuzipa pesa familia maskini, na ziko chini ya idara ya ulinzi wa jamii. Kwa hiyo mlango wako ni afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo yenu, pamoja na chifu. Zinalenga familia maskini yenye mtu mwenye ulemavu mkali anayehitaji kutunzwa saa zote. Jina haliingii siku yoyote unayotaka. Huwa kuna vipindi vya kuandikisha, na vikitangazwa kwenye baraza la chifu usipokuwepo vinakupita. Mwambie mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lenu akushtue. Akitokea mtu wa kukuomba "ya chai" ili jina lipite, mwache aende zake.

Na tuseme wazi, 2,000 hazimlipi yaya hata wa wiki moja. Zinanunua pampasi na unga.

Shule ni njia nyingine kabisa. Usianze kwa mwalimu mkuu, anza EARC, vituo vya tathmini vya Wizara ya Elimu vilivyoanza 1984. Kama uko upande wa Thika Road, KISE, taasisi ya elimu maalumu pale Kasarani, pia wanatathmini. Watakuandikia mtoto anafaa darasa la kawaida, yuniti (darasa maalumu) ndani ya shule ya msingi, au shule maalumu. Ukiwa na barua hiyo mkononi, yule mwalimu mkuu wa "hatuna nafasi" huanza kuzungumza lugha nyingine.

Sasa, kile kitu cha kaka yako, yaani kupumzika, sisi tulikipata kwa wazazi wenzetu. Jumamosi tunakutana kwenye ukumbi wa kanisa, wazazi kadhaa wanabaki na watoto, wengine wanaenda kufua, sokoni, au kulala tu. Kuna mama mmoja alikuja mara ya kwanza akalala kwenye benchi mpaka jioni, hakuna aliyemwamsha. Baadaye tulijisajili chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, na cheti hicho ndicho tunachotumia kuomba ruzuku.

Akikaribia miaka 18 kuna habari ya kitambulisho na nani atamsimamia kwenye benki. Hiyo tuiache kwa sasa, wako bado mdogo.

Uko wadi gani? Kama ni Eastlands, nitumie ujumbe nikuunganishe na wazazi wa karibu nawe. Na hiyo karatasi ya daktari ianze leo usiku, usingoje tarehe ya hospitali.