Gari Kugoma Asubuhi ya Baridi: Pima Kabla ya Kubadilisha

Msimu wa baridi ukianza, wewe uliye mgeni gereji utaletewa magari yenye lalamiko moja: staata inazunguka kwa uzito, na mwenye gari ameshaamua kwamba betri imekufa. Huenda ni kweli. Lakini usimuuzie betri kabla hujapima, maana baridi huibana injini pande mbili kwa mpigo: betri inapungua nguvu, na wakati huohuo oili inakuwa nzito, hivyo staata inadai umeme mwingi zaidi. Hata betri nzima iliyojaa chaji, ikifika nyuzijoto 18 chini ya sifuri, hutoa takriban nusu tu ya nguvu yake ya kuwashia.

Anza na gari lililolala usiku kucha. Gusisha mita kwenye temino: volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu. Ikiwa imepungua, ichaji kwanza ndipo uihukumu. Kisha mwenzako apige staata huku wewe ukitazama mita. Kwenye hali ya hewa ya kawaida volti zisishuke chini ya 9.6, baridi ikifika sifuri, hata 9.1 bado inavumilika. Gari likiwaka, chaji iwe kati ya 13.8 na 14.7. Ikiwa chini ya hapo, kagua oltaneta (mtambo unaochaji betri gari likiwaka) na mkanda wake, la sivyo betri mpya nayo itaisha vilevile.

Betri ikiwa nzima na staata bado nzito, kuna kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka, nacho huokoa pesa nyingi za mteja. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi yenyewe ya betri, si kwenye klempu, na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha piga staata. Ikisoma zaidi ya volti 0.5, umeme unapotea njiani: waya wa ethi (unaounganisha hasi ya betri na injini) umeliwa na kutu ndani ya ganda lake, au klempu ni chafu. Unaposafisha, fungua hasi kwanza na uirudishe mwisho.

Tahadhari moja: asidi ya betri iliyoisha chaji hukaribia kuwa maji, hivyo huganda mapema. Ukiona ubavu umevimba au barafu ndani, usiibusti (kuiwashia kwa betri ya gari jingine) wala kuichaji. Inaweza kulipuka.

Halafu uliza gari lina oili gani. Namba iliyo kabla ya W ndiyo ya baridi: 5W hupimwa kwa kuzungushwa kwenye nyuzijoto 30 chini ya sifuri, 15W kwenye 20 chini ya sifuri. Kwa hiyo 5W-40 na 15W-40 ziko daraja moja injini ikiwa moto, lakini asubuhi zinatofautiana sana. Fuata kitabu cha gari. Mwambie mteja pia asikanyage mafuta ovyo mara tu gari linapowaka. Asubiri nusu dakika hivi, aondoke polepole. Kuliacha lingurume muda mrefu hakusaidii, kwani petroli ya ziada inayopewa injini ikiwa baridi huosha oili kwenye kuta za silinda.

Hiyo petroli ya ziada huamuliwa na kompyuta kwa kusoma sensa ya joto la kulanti, yaani kimiminika kinachopoza injini. Sensa ikidanganya kwamba injini ina moto, petroli haitoshi na gari halishiki. Ili kuikamata, chomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari kabla ya kuwasha: gari lililolala usiku kucha, joto la kulanti na la hewa inayoingia vinapaswa kukaribiana kabisa.

Gari linalochelewa kupata moto, hita dhaifu, mafuta yanaisha haraka: shuku themostati (vali inayozuia kulanti isiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto) iliyokwama wazi. Ukikuta utando mweupe chini ya kifuniko cha oili, usikimbilie kusema gasketi ya silinda hedi imeungua. Safari fupi za baridi huacha unyevu ndani ya injini. Angalia kwanza kama kulanti inapungua.

Maji matupu kwenye rejeta ni hatari kubwa, kwa sababu yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kupasua bloku. Nusu maji na nusu kulanti ya ethilini glaikoli huhimili hadi karibu nyuzijoto 37 chini ya sifuri. Usijaze kulanti tupu ukidhani ni bora zaidi: ikiwa peke yake huganda kwenye takriban 13 chini ya sifuri.

Kwa dizeli, pima hita plagi (zinazopasha moto silinda kabla ya kuwasha) moja moja, na kumbuka kwamba nta ndani ya dizeli ya msimu wa joto huganda na kuziba filta.

Mteja akisema injini imeshapata moto na bado haivuti, usiilaumu baridi. Hewa ya baridi ni nzito na ina oksijeni nyingi, kwa hiyo injini iliyopata moto ilipaswa kuvuta vizuri zaidi. Hapo kagua plagi, filta ya mafuta na breki zinazoshika.